Niliowafundisha kazi sasa ni wakubwa wangu

Shikamoo dada,

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Mombasa, na mwaka huu natimiza miaka 10 katika hospitali moja ya NHS, huduma ya afya ya umma hapa Uingereza. Nyumbani nilikuwa nimeshafanya kazi miaka 6 kabla ya kuja. Kwa msomaji asiyejua mambo ya huku, wauguzi tunapangwa kwa bendi. Muuguzi wa kawaida yuko bendi ya 5. Sista, yaani msaidizi wa meneja wa wodi, yuko bendi ya 6. Meneja wa wodi ni bendi ya 7, na matroni bendi ya 8. Mimi niko bendi ya 5 tangu siku nilipopata namba yangu ya usajili, na sijasogea.

Si kwamba sifanyi kazi ya juu. Usiku, sista asipokuwepo, funguo za kabati la dawa ziko mfukoni mwangu. Mimi ndiye ninayepanga nani ahudumie vitanda vipi, mimi ndiye ninayepokea simu wakitafuta nafasi ya mgonjwa, na mtu akifariki mimi ndiye ninayekaa na familia yake. Mwaka juzi sista mmoja alipokwenda likizo ya uzazi, nilishika kazi yake miezi 9. Mshahara ulibaki ule ule. Meneja aliniambia, "Itakusaidia ukiomba cheo."

Nimeomba usista mara 3. Mara ya kwanza niliambiwa sijiamini. Nikaenda kozi, nikajifunza kuongea mbele ya kioo. Mara ya pili nikawatazama machoni, nikajibu kwa sauti, nikaambiwa nimeonekana mkali. Mwezi uliopita ikawa: "Ulikosa kidogo tu, usikate tamaa." Nafasi amepewa msichana niliyempokea akiwa mwanafunzi. Siku alipochoma mshipa wa mgonjwa kwa mara ya kwanza, mkono wake nilikuwa nimeushika mimi, anatetemeka, mpaka mgonjwa mwenyewe akamwambia asiogope. Huyo ni wa tatu. Wawili niliowafundisha kabla yake, mmoja ni sista na mmoja ni meneja katika wodi nyingine. Wote watatu ni Wazungu.

Katika mahojiano, swali la nne ndilo linalonisumbua hadi leo. Waliniuliza: tuambie siku uliyowaongoza wenzako katika hali ngumu. Nikawapa habari za usiku ambao mzee mmoja alisimama moyo, nasi tuko wauguzi wawili tu. Nikasema tulibonyeza kengele, tukaanza kumkandamiza kifua, tukawaita madaktari, tukavuta mapazia ili mgonjwa wa pili asione, asubuhi tukazungumza na mkewe. Mmoja wao aliandika kidogo, kisha akaiweka kalamu chini.

Sasa wiki iliyopita meneja ameniita, ananiomba nikae na yule binti wiki 6 nimwelekeze kazi ya usista. Nikasema sawa. Nilipofika kwenye gari nililia mpaka vioo vikafunga ukungu.

Mume wangu anasema niachane nao, nichukue zamu za ziada tumalizie nyumba yetu ya Kilifi, cheo cha nini. Mama naye kwa simu ananiambia nivute subira. Dada, nikatae kumfundisha? Nihame hospitali? Au nikubali tu kwamba mimi ni wa bendi ya 5?

Muuguzi wa zamu ya usiku, Uingereza

*

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikatoka kidogo nje kabla ya kuanza kukujibu. Mimi ni mtu wa Tanga, nimevaa sare ya uuguzi Uingereza miaka 27 na kustaafu nikiwa meneja wa wodi. Kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za ile meza ya usaili.

Nianze na yale maneno mawili uliyoambiwa, kwamba hujiamini na kwamba u mkali. Siku moja nikiwa mmoja wa wasaili watatu, aliingia mama mmoja wa Kighana. Tulimuuliza angefanya nini daktari akiandika dozi isiyo sahihi. Akajibu kwamba asingeitoa dawa ile, angempigia daktari, na daktari akikataa kusikia angempigia mkubwa wake. Kabla yake mwanamume mmoja wa Kiingereza alikuwa amejibu vivyo hivyo, karibu neno kwa neno. Tulipoanza kuhesabu alama, mwenzangu akasema yule mwanamume ana msimamo, na yule mama ni mkali. Nami nilikuwepo, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa mgeni katika kundi lile na niliogopa kuitwa mkali mimi. Yule mama hakupata kazi. Nimeubeba ukimya huo miaka mingi, na ndiyo maana sitakupa jibu la kukupoza.

Hukukosea mara ya kwanza kwa upole, wala mara ya pili kwa sauti. Ulikuwa unapimwa kwa kipimo kinachohama. Mwanamke mweusi akinyamaza hafai kuongoza, akisema amezidi. Hilo haliwakuti wanawake wote, wala haliwakuti weusi wote kwa namna hiyo, na ndiyo sababu ni gumu kulishika. Marekani, mwaka 1976, wanawake watano weusi walishindwa kesi dhidi ya kampuni ya magari ya General Motors, kwa sababu mahakama haikukubali wachanganye madai ya rangi na ya jinsia. Kampuni iliajiri wanawake, weupe, na iliajiri weusi, wanaume, basi wao walalamikie nini? Kimberlé Crenshaw, mwanasheria mweusi, aliichambua kesi hiyo mwaka 1989 na kuonyesha jinsi watu kama sisi tunavyodondokea katikati. Uingereza nayo, Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 iliandikwa na kifungu cha 14 kinachoruhusu kudai ubaguzi wa mambo mawili kwa pamoja. Kifungu hicho hakikuwashwa. Kimebaki kwenye karatasi.

Na usidhani hili limeanza na wewe. NHS ilipofunguliwa Julai 1948 ilihitaji mikono, ikaita wasichana kutoka Karibea na Afrika. Wengi wao walisukumwa kwenye mafunzo ya miaka 2 ya uuguzi wa daraja la chini badala ya yale ya miaka 3 yaliyofungua njia ya kuwa sista na matroni. Wengi hawakuelezwa tofauti. Waligundua baadaye, walipotaka kupanda, au waliporudi kwao wakaambiwa cheti chao hakitambuliwi. Nilipoingia wodini kwa mara ya kwanza walikuwa bado wapo, mama wa Kijamaika na wa Barbados, wamebakiza mwaka mmoja au miwili wastaafu, na kila daktari kijana alikuwa anakwenda kuwauliza wao.

Sasa tufike kwenye kazi yako.

Tangu mwaka 2015 kila hospitali ya NHS hapa England inatakiwa kupima usawa wa rangi kati ya wafanyakazi wake na kutangaza matokeo kila mwaka. Mpango wenyewe unajulikana kwa herufi WRES. Moja ya namba zake ni hii: kati ya watu waliofika kwenye usaili, Mzungu ana nafasi kubwa kiasi gani ya kupewa kazi kuliko asiye Mzungu. Kwa miaka mingi namba ya nchi nzima imekuwa ikizunguka mara moja na nusu. Namba ya hospitali yako iko kwenye tovuti yake, na nakuomba uitafute usiku huu huu. Sitaki uitumie kama rungu. Nataka tu uache kulala ukijiuliza una kasoro gani.

Pili, zile alama za usaili. Kila swali lina alama, na kila msaili anajaza karatasi yake. "Ulikosa kidogo tu" ni maneno ya mdomoni. Mwandikie barua pepe meneja na ofisi ya utumishi, kwa adabu, uwaombe alama zako swali kwa swali na kile kilichoandikwa juu yako. Wakikuzungusha, sheria ya kulinda taarifa binafsi inakupa haki ya kuomba maandishi yanayokuhusu, bila malipo, na kwa kawaida wana mwezi mmoja kukujibu. Usieleze hasira yako humo. Mistari minne inatosha.

Lakini angalia kalenda. Kikomo kilichozoeleka cha kufungua madai ya ubaguzi kwenye baraza la kazi ni miezi 3 kasoro siku moja tangu jambo litokee, na kabla ya hapo lazima upite ACAS, chombo cha usuluhishi. Muda huo hata ukiongezwa kwa sheria mpya, wewe jihesabie huo mfupi. Nimewaona wanawake wenye kesi nzuri wakisubiri majibu ya malalamiko ya ndani mpaka mlango wa nje ukafungwa. Piga simu kwa chama chako cha wafanyakazi wiki hii, kiwe Royal College of Nursing (RCN) au Unison, hata kama huna nia ya kushtaki. Mwaka 2023 muuguzi mweusi wa ngazi ya juu, Michelle Cox, alishinda kesi dhidi ya NHS England yenyewe, chombo kilichokuwa kikiisimamia NHS ya England, chama cha RCN kikiwa nyuma yake. Miongoni mwa mambo yaliyojitokeza ni kwamba siku za timu kukutana nje ya ofisi zilipangwa wakati ambao mkubwa wake alijua hawezi kufika. Unaona? Hakuna aliyemtukana. Ilikuwa ratiba tu. Yeye alikuwa na kumbukumbu, tarehe kwa tarehe.

Ile miezi 9 ya mwaka juzi ilinichoma kuliko yote. Masharti ya kazi ya NHS yanajua kitu kinachoitwa kukaimu. Mtu akiwekwa kwenye nafasi ya bendi ya juu kwa muda, analipwa kwa bendi hiyo. Kwa kawaida kukaimu hakuzidi miezi 6, isipokuwa kama mwenye nafasi yuko likizo ya uzazi au ugonjwa wa muda mrefu, na wako alikuwa likizo ya uzazi. Ulipewa kazi ukanyimwa jina lake. Hasara si mshahara peke yake. Bila barua ya kukaimu, kwenye fomu ya maombi ile miezi 9 haionekani, unasomeka kama mtu aliyekaa bendi ya 5 tu. Kusanya ratiba za zamu za miezi ile, barua pepe, chochote kinachoonyesha jina lako mahali pa sista, uwapelekee chama wakushauri kuhusu malimbikizo. Kuanzia leo mtu akikwambia "shika kidogo", mjibu: "Kwa furaha. Naomba barua ya kukaimu."

Kuhusu yule binti. Mfundishe, ila si kwa namna ulivyoombwa. Yeye hakujipa kazi, na wagonjwa wa wodi ile watalipa usipomwelekeza. Rudi kwa meneja umwambie umekubali, na unataka iandikwe kwamba wewe ndiye mkufunzi wake rasmi kwa wiki 6, kwa saa zilizotengwa kwenye ratiba, na iingie kwenye tathmini yako ya mwaka kama kazi ya uongozi. Mfundishe kupanga ratiba ya zamu, usimpangie. Mwonyeshe jinsi ya kuandika ripoti ya tukio, usimwandikie. Wiki ya 6 ikiisha, simama kando. Najua moyo wako, utataka kuendelea kumwokoa usiku wa manane, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, mkubwa hamwachi mdogo azame. Ila huyo ana mshahara wa bendi ya 6 sasa.

Shemeji yangu mwambie namsalimu, na mpige hesabu pamoja mezani. Kwa viwango vya mwaka 2024/25, bendi ya 5 iliishia pauni 36,483 kwa mwaka, na bendi ya 6 ikaishia pauni 44,962. Tofauti ya vilele ni pauni 8,479, kila mwaka, na pensheni yako inapanda nayo. Ni zamu ngapi za ziada hizo? Ni Jumapili ngapi mbali na watoto, na magoti yako yatakubali mpaka lini? Nyumba ya Kilifi itajengwa haraka zaidi kwa cheo kuliko kwa usingizi uliouuza. Mama naye mpe heshima yake. Subira anayokufundisha ilimfaa, ila msaili hana mahali pa kuipa alama.

Kuna kitu kimoja barua yako haikutaja, na kutotajwa kwake kumenistua. Hukutaja hata mtu mmoja mwenye cheo anayekusemea. Una wanaokusifu, hao ni wengi. Nazungumzia mtu ambaye, mlango ukifungwa na wewe uko nje, atasema: huyu, mpeni. Ursula Burns aliingia kampuni ya Xerox mwaka 1980 kama mwanafunzi wa mafunzo kazini. Mwishoni mwa miaka ya themanini alibishana mkutanoni na mkubwa mmoja, Wayland Hicks, mbele za watu. Yule mkubwa baadaye akamwita, wakazungumza, akaja kumfanya msaidizi wake. Mwaka 2009 Burns akawa mkurugenzi mkuu wa Xerox, mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza kampuni ya ukubwa huo Marekani. Alikuwa hodari, hilo halina ubishi, lakini mahodari weusi waliofia ngazi ya chini ni wengi. Yeye alipata mtu aliyeuona ukali wake akauita kwa jina lake halisi. Wa kwako anaweza kuwa matroni, au yule mratibu anayekupigia simu usiku kutafuta vitanda na kujua kwamba ukisema kipo, kipo. Mwombe nusu saa. Mwambie unataka bendi ya 6 ndani ya mwaka mmoja na unataka akwambie nini kinakosekana, kisha muulize kama yuko tayari kulitaja jina lako.

Kuhama? Ndiyo, omba kwingine pia, kuanzia sasa. Katika wodi ile umeshazoeleka kuwa mtu wa kuegemewa, na watu hawapendi kuondoa nguzo waliyoegemea. Sehemu nyingine watakusoma upya. Ila usihame kabla hujadai alama zako na miezi yako 9, kwani anayekufuata kutoka Mombasa au Kisumu atazikuta tabia hizo hizo zinamsubiri.

Nimalizie na swali lako la nne, maana ndilo lililonifanya nitoke nje.

Hesabu ulivyojibu. Tulibonyeza, tukaanza, tukawaita, tukavuta, tukazungumza. Kwa Kiswahili huo ni ustaarabu. Mtu mzima anayesema "mimi, mimi" kwetu anaonekana hakulelewa. Hata mtu aliyejenga nyumba peke yake husema "tumejenga". Lakini msaili aliyeshika kalamu ana safu moja tu ya kujaza, yenye swali kwamba wewe ulifanya nini. Kwa "tulifanya" hana cha kuandika, na ndiyo sababu kalamu ililala. Hilo peke yake halielezi mara zako 3, nisingekudanganya hivyo. Ila ni sehemu iliyo mikononi mwako.

Usiku ule kulikuwa na wauguzi wawili, na mmoja tu ndiye aliyekuwa na funguo. Kwa hiyo sema: "Niliona mgonjwa hapumui. Nilibonyeza kengele nikaanza kumkandamiza kifua. Nilimwagiza mwenzangu apige simu ya dharura kisha alete mashine. Timu ilipofika nilitoa taarifa, nikataja muda moyo uliposimama. Nilimtuma msaidizi avute mapazia akae na mgonjwa wa pili. Asubuhi nilimpokea mkewe, nikakaa naye, nikamweleza." Kama nimekosea mahali, wewe ndiye uliyekuwepo, rekebisha. Isome kwa sauti ukiwa peke yako ndani ya gari lile lile, mpaka "ni" isikukwame kooni. Kisha uniandikie alama zako zikifika. Nataka kujua walikupa ngapi swali la nne.